Barua ikifika tu, ifungwe: kufuli nililoweka kwenye seva yangu ya barua pepe

Najua niliahidi kuendelea na ile stori ya daladala na vituo vyake, ila imebidi isubiri. Watu wengi wameniuliza kwa nini anwani yangu ya barua pepe imebadilika, na kwa nini chini yake nimebandika mistari mirefu ya herufi zisizosomeka. Mmoja alidhani nimeingiliwa na virusi. Hapana bwana. Ule ni ufunguo, na leo naeleza unafungua nini. Au niseme vizuri: unafunga nini, maana kufungua hauwezi kabisa.

Nianze na aibu yangu, la sivyo hamtaelewa kwa nini kijana aliyeishia kidato cha nne amekesha wiki mbili akigombana na seva.

Mwaka 2022 aliniandikia mama mmoja anayeuza nyanya na vitunguu sokoni. Soko silitaji. Alitumia simu ya binti yake. Alinieleza jinsi ushuru wa meza unavyokusanywa mara mbili kwa siku, asubuhi kwa risiti, jioni bila risiti, na akaambatanisha picha nne. Nikamjibu: shikamoo mama, asante, naifanyia kazi. Wakati ule sikuwa na laptopu. Barua zangu zote nilikuwa nasomea intaneti kafe, saa moja shilingi 1,000, na kompyuta namba sita ndo ilikuwa yangu maana kiti chake kilikuwa bado kizima. Siku hiyo umeme ukakatika nikiwa katikati ya kusoma. Nikangoja kidogo, nikaona giza linaingia, nikaondoka zangu. Umeme uliporudi, aliyekaa namba sita akafungua brauza, nayo brauza kwa ukarimu wake ikamrudishia kurasa zote zilizokuwa wazi kabla ya kuzimika. Kikasha changu kikiwemo.

Siku tisa baadaye mama akanipigia. Hakufoka. Alisema tu, "Mwanangu, ile barua yangu anayo yule bwana wa ushuru. Ameichapa kwenye karatasi. Ina jina langu." Wiki iliyofuata meza yake alipewa mtu mwingine.

Nilibadilisha nywila siku ileile, lakini hapo ng'ombe ameshatoka zizini. Na tuwe wakweli, aliyenisomea barua hakuwa mdukuzi wala nini. Alikaa kwenye kiti, akasoma. Mle ndani kulikuwa na barua za miaka mitatu, za watu ambao wengine hata mimi nilikuwa nimewasahau, na zote zilikuwa wazi kama gazeti lililotandikwa mezani. Nywila inalinda mlango tu. Mlango ukifunguka mara moja, kila kitu ulichowahi kuandikiwa kinasomeka.

Hapo ndipo nilipoanza kusumbua watu na maswali.

Wengi wetu tukisikia usalama wa barua pepe tunafikiria kale kakufuli kwenye brauza. Kale kakufuli ni ka njiani. Kanasimba mazungumzo kati ya kompyuta uliyokalia na seva ya barua, yaani kanayageuza kuwa mafumbo ili mwenye kafe au mtu aliyeinasa wayafai asiyasome yakipita. Seva na seva nazo zina utaratibu wao kama huo, umewekewa kiwango rasmi tangu 1999, na kampuni kubwa karibu zote zinautumia. Safi. Lakini barua ikishafika, mafumbo yanafumbuliwa, na barua inalazwa kwenye diski ikiwa maandishi ya kawaida. Njiani barua inakaa sekunde chache. Kwenye diski inakaa miaka. Sisi tumelinda zile sekunde.

Sasa dawa iliyonivutia ni hii: barua ikifika tu kwenye seva, kabla haijalazwa, seva yenyewe iisimbe kwa ufunguo ambao seva haina uwezo wa kuufungulia. Ikilazwa, inalazwa ikiwa fumbo. Atakayeingia kwenye kikasha, awe mwizi, awe mwenye seva, awe jamaa wa kompyuta namba sita, anakuta takataka za herufi.

Najua swali linalokuja. Seva itafunga vipi kitu ambacho haiwezi kukifungua? Hata mimi lilinisumbua, mpaka nilipokumbuka kibubu cha bibi. Kile cha mbao, chenye mwanya juu. Yeyote anayepita anaweza kutumbukiza sarafu, hata mtoto, hata mgeni asiyejulikana. Aliyetumbukiza hawezi kuitoa tena. Anayeitoa ni bibi peke yake, siku atakayoamua. Huo mwanya ndio ufunguo wa wazi. Unaugawa kwa dunia nzima, unaubandika hata kwenye blogu kama nilivyofanya, na kazi yake ni kutumbukiza tu. Uwezo wa kutoa upo kwenye ufunguo mwingine, ufunguo wa siri, nao unakaa kwako. Funguo hizi mbili zinazaliwa pamoja kwa hesabu kali sana, na mtu akiwa na ule wa wazi hawezi kupiga hesabu kurudi nyuma apate ule wa siri, labda awe na muda usiopatikana duniani.

Wazo la funguo mbili lilichapishwa na Whitfield Diffie na Martin Hellman mwaka 1976. Mwaka 1991 Mmarekani Phil Zimmermann akatoa programu ya PGP ili watu wa kawaida waweze kusimba barua zao, na akachunguzwa na serikali yake kwa miaka kadhaa, maana wakati huo Marekani ilihesabu usimbaji kuwa kama silaha na kuutoa nje ya nchi kulihitaji kibali. Kesi haikufika popote, ikafungwa 1996. Mjerumani Werner Koch akaandika GnuPG, ya bure na ya wazi, toleo la kwanza kamili likatoka 1999. Hiyo ndiyo ninayotumia mimi.

Sasa mtu atauliza, kama PGP ipo tangu 1991, si anayekuandikia aisimbe barua mwenyewe huko huko? Ingekuwa bora, sibishi. Barua ingefungwa tangu mkononi mwake. Lakini jamani, yule mama wa nyanya aanze kutengeneza funguo? Katika watu wote walioniandikia tangu nianze blogu hii, waliotumia PGP ni wawili, na mmoja alikuwa ananijaribu. Watu wanaandika kwa simu wakiwa kwenye foleni. Kwa hiyo nikaamua mzigo niubebe mimi: wao waandike kama walivyozoea, seva yangu ifunge kwa niaba yao.

Haya, twende jikoni. Asiyependa mambo ya ufundi aruke mpaka kwenye habari ya Lavabit.

Nilikodi kaseva kadogo ka Linux, dola 5 hivi kwa mwezi, tunachangia watu watatu. Jina la tovuti nilikuwa nalo tayari. Jambo ambalo hakuna aliyeniambia mapema ni kwamba kupokea barua ni rahisi kuliko kutuma. Ukituma kutoka seva mpya, kampuni kubwa zinakushuku na kukutupa kwenye barua taka mpaka ukamilishe rekodi zako za SPF na DKIM na mengineyo. Kupokea hakuna anayekushuku. Unahitaji mlango namba 25 uwe wazi (ulizeni kabla ya kulipa, kuna wakodishaji wanaufunga), na rekodi moja kwenye jina lako la tovuti inayosema barua za hapa zipelekwe kwenye seva ile.

Ndani ya seva barua inapita mikono kadhaa. Inapokewa na Postfix. Kisha inapita kwa mchujaji wa barua taka, na hapa zingatieni mpangilio: mchujaji lazima aje kabla ya kusimba. Ukimpa barua iliyokwisha kufungwa, haoni kitu ndani, na matangazo ya dawa za nguvu yatakufikia yote, yakiwa yamesimbwa vizuri kabisa kwa heshima zote. Baada ya mchujo inaenda kwa Dovecot, ambaye ndiye mtunza kikasha. Dovecot ana lugha yake ndogo ya kupanga barua, inaitwa Sieve, na ukimwongezea kiungo cha kuita programu za nje anaweza kuipitisha barua kwenye programu yoyote kabla ya kuilaza. Programu niliyompa ni gpgit, skripti ndogo ya Perl. Inaingia barua ya kawaida upande huu, inatoka barua iliyosimbwa upande ule, maandishi pamoja na viambatanisho. Ikikutana na barua ambayo mwandishi amekwisha kuisimba, inaiacha ilivyo.

Funguo usitengenezee kwenye seva. Narudia, usitengenezee kwenye seva. Nilitengenezea kwenye laptopu ya mtumba niliyoinunua baadaye:

gpg --full-generate-key
gpg --armor --export mimi@blogu.example > wazi.asc

Faili la wazi.asc ndilo nililopeleka kwenye seva na kuliingiza kwa gpg --import. Ule wa siri haujawahi kugusa seva hata siku moja. Kisha kwenye Sieve ni mistari miwili tu:

require "vnd.dovecot.filter";
filter "gpgit" "mimi@blogu.example";

Mistari miwili, usiku nne. Sababu ilikuwa ya kijinga. Ufunguo niliuingiza nikiwa nimeingia kwenye seva kama mkuu wa mfumo, root, lakini Dovecot anapoita gpgit anaiita kwa jina la mtumiaji mwingine, ambaye kabati lake la funguo lilikuwa tupu. Gpgit ikatafuta ufunguo, ikakosa, ikashindwa. Na barua? Ziliingia kikashani wazi, kimya kimya, bila kunipigia kelele. Siku tatu nzima nilijiona nimejilinda huku kila kitu kinasomeka. Niligundua kwa bahati nilipofungua faili lenyewe kwenye diski. Kwa hiyo ukishamaliza, usiamini ikoni yoyote. Jiandikie barua, ingia kwenye seva, tafuta faili la barua ile, lisome kwa macho yako. Ukiona mstari wa BEGIN PGP MESSAGE na chini yake fujo ya herufi, umefika.

Ugonjwa huohuo unarudi ufunguo ukifikisha tarehe yake ya mwisho. Wa kwangu niliupa miaka miwili. Siku ukiisha, seva haitaki tena kuutumia, na barua zinaweza kuanza kulazwa wazi bila taarifa. Nimeandika tarehe ile ukutani kwa kalamu ya wino, mama mwenye nyumba anisamehe.

Sasa Lavabit. Hii ndiyo habari iliyonifanya nielewe nilichokuwa nakijenga.

Lavabit ilikuwa huduma ya barua pepe ya Texas, Marekani, iliyoanzishwa 2004 na Ladar Levison. Wateja wake waliolipia walipata kitu kama hiki ninachoeleza: barua ikifika inasimbwa kwa ufunguo wa wazi wa mteja. Tofauti moja. Ufunguo wa siri wa mteja nao ulikaa kwenye seva ya Lavabit, ukiwa umefungwa kwa nywila ya mteja. Mteja akiingia, anatuma nywila, seva inafungua ufunguo, inafumbua barua, inamwonyesha. Akitoka, kila kitu kinafungwa.

Juni 2013 Edward Snowden akatoa siri za shirika la ujasusi la NSA, naye alikuwa mteja wa Lavabit. Serikali ikaenda kwa Levison. Zile barua zilizolala zilikuwa fumbo, hazikuwasaidia. Basi wakadai kitu kingine: ufunguo wa njia, ule unaolinda mawasiliano kati ya wateja wote na seva. Wakiwa nao, wangeweza kusikiliza nywila ikipita, na nywila ndiyo inayofungua ufunguo wa siri. Levison akaupeleka ukiwa umechapwa kwenye karatasi 11 kwa herufi ndogo mno, za ukubwa wa pointi 4. Mahakama haikucheka. Ikaagiza apigwe faini ya dola 5,000 kwa kila siku mpaka aulete katika hali inayotumika. Akautoa, na tarehe 8 Agosti 2013 akaifunga huduma nzima, wateja wapatao 410,000 wakabaki bila anwani.

Mimi hapo naona kwamba usimbaji wa barua zilizolala ulifanya kazi yake, na udhaifu ulikuwa kwamba nywila ya kufungulia ilibidi ipite kwenye seva kila siku. Ndo maana napiga kelele kuhusu ufunguo wa siri kutokaa kule. Na msidhani ni mambo ya Wamarekani peke yao. Hapa kwetu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inawapa polisi uwezo wa kudai taarifa zilizo kwenye kompyuta, na Desemba 2016 Maxence Melo wa JamiiForums alikamatwa na kushtakiwa katika mvutano wa kutoa taarifa za wachangiaji wake. Mwandishi mdogo kama mimi sina wakili. Nina uwezo wa kupunguza tu kinachosomeka kule nilikokodi.

Nisiwauzie mbuzi kwenye gunia, lakini. Kufuli hili lina mianya, na afadhali muijue kutoka kwangu.

Kwanza, linalosimbwa ni tumbo la barua. Kichwa kinabaki wazi: nani ameandika, kwa nani, saa ngapi, na hata mada. Mtu akikuandikia mada ya "Ushuru wa jioni meza ya vitunguu", kila kitu kimeshasemwa hata kabla ya kufungua. Siku hizi naomba watu waandike mada ya "Salamu". Nina kikasha chenye salamu mia tatu, kutafuta barua ya mwezi uliopita ni adhabu. Halafu kutafuta kwenyewe kunaumiza hata ndani ya barua, maana seva haioni maneno. Lazima uzishushe kwanza kwenye kompyuta yako.

Pili, anayeishika seva ikiwa inafanya kazi anaweza kunakili barua inapoingia, kabla haijafika kwa gpgit. Kwa hiyo ya kesho hayako salama mbele ya mtu huyo. Ya jana yako salama. Kwangu mimi ya jana ndiyo yaliyomponza mama, kwa hiyo nimeridhika, ila usiseme hukuambiwa.

Tatu ni nakala. Aliyekuandikia ana nakala yake kwenye folda ya zilizotumwa, wazi, na kampuni yake ya barua pepe inayo pia. Na wewe ukijibu, nakala ya jibu lako inawekwa kwenye seva kwa njia ambayo haipiti kwenye Sieve, hivyo inalala wazi. Hili lilinichukua miezi miwili kuligundua! Nimeweka sasa nakala za majibu zihifadhiwe kwenye laptopu tu.

Kuna na kadanganyo ka macho. Programu ya barua itakuonyesha alama ya kufuli kwenye kila barua, hata tangazo la mkopo, maana zote zimesimbwa na seva yako. Alama ile haimaanishi aliyeandika aliisimba, wala haithibitishi kwamba ni yeye kweli. Na Thunderbird, ukitaka kujibu barua iliyosimbwa, itang'ang'ania kwamba jibu nalo lisimbwe, kisha ilalamike kwamba huna ufunguo wa mwenzako. Unazima mwenyewe kila mara. Inachosha, ndo hivyo.

Mei 2018 watafiti wa vyuo vya Münster, Bochum na Leuven walitangaza udhaifu walioupa jina EFAIL. Mtu aliyeiba barua yako iliyosimbwa angeweza kuichezea, akaipachika ndani ya barua yenye picha za mtandaoni, akakutumia tena. Programu yako ikiifumbua na kwenda kuleta picha, inajikuta imebeba maneno ya siri kuyapeleka kwa mwizi. Programu zilirekebishwa, lakini mimi nimezima kabisa kuleta picha za mtandaoni. Barua zangu hazipendezi. Hazivuji.

Tukirudi sasa kafe, maana najua wengi mnanisoma kutoka huko. Ukishafunga barua namna hii, huwezi tena kuzisoma kwenye kompyuta ya kafe kwa kuingia tu kwenye brauza. Hiyo ndiyo faida yake na ndiyo taabu yake. Kuzisoma pale ungehitaji ufunguo wa siri, na ufunguo wa siri ukishauchomeka kwenye kompyuta ya watu, hesabu umeugawa. Kompyuta za kafe zinaweza kuwa na programu zinazonasa kila kitufe unachobonyeza, na mwenye kafe mwenyewe asijue.

Njia ninayotumia ni simu. Hata simu ya bei nafuu ya Android inaweza kubeba K-9 Mail pamoja na OpenKeychain, moja inashusha barua, nyingine inatunza ufunguo. Weka namba ya siri ya kufungua simu, na neno refu la siri kwenye ufunguo wenyewe, kwa sababu simu inaibiwa. Wenye laptopu, Thunderbird ina usimbaji huu ndani yake tangu toleo la 78 la mwaka 2020, huhitaji nyongeza yoyote. Njia ya tatu ni Tails, mfumo mzima wa kompyuta unaokaa kwenye flashi. Unaizima kompyuta ya kafe, unaiwasha kutoka kwenye flashi yako, unasoma barua, ukiizima haiachi alama kwenye diski yao. Inazipita programu za kunasa vitufe, ila haizuii kale kakifaa kanakochomekwa kati ya kibodi na kompyuta, kwa hiyo chungulieni nyuma ya mashine kwanza. Na muombeni mwenye kafe ruhusa. Nilipojaribu bila kuomba, kijana wa zamu alidhani naibomoa mashine, nikatolewa nje mbele ya watu.

Asiye na seva wala hamu ya kuwa nayo bado ana pa kwenda. Proton Mail ya Uswisi, iliyoanza 2014, inasimba kila barua inayoingia kwa ufunguo wako wa wazi. Ufunguo wako wa siri wanautunza wao, ukiwa umefungwa kwa nywila yako, na unafunguliwa ndani ya brauza au simu yako, siyo kwenye seva yao kama ilivyokuwa Lavabit. Posteo na mailbox.org za Ujerumani zinakuruhusu kupandisha ufunguo wako wa wazi, halafu zinafanya kazi ileile ya gpgit. Kumbukeni tu habari ya Septemba 2021, pale Proton ilipotii amri ya Uswisi ikatoa anwani ya IP ya mwanaharakati mmoja wa Ufaransa. Yaliyomo kwenye barua haikuyatoa, haikuwa na namna ya kuyasoma. Aliyeingia, na kutoka wapi, hilo liliwezekana.

Jambo la mwisho, na hili msilichukulie kimzaha. Ufunguo wa siri ukipotea, barua zako zote zimepotea. Hakuna kiungo cha "nimesahau nywila". Hakuna wa kumpigia simu. Kibubu kile hakivunjiki hata kwa shoka. Wa kwangu uko kwenye simu, kwenye laptopu, na nakala moja nimeichapa kwenye karatasi (kwa mashine yangu ya kuazima, siyo ya kafe!), ikatiwa kwenye bahasha, nikamkabidhi dada yangu Dodoma. Neno la siri la kuufungulia hajui. Anadhani ni vyeti vyangu vya shule.

Yule mama nilimwendea mwenyewe, sikumwandikia. Anauza sasa pembeni ya barabara, chini ya mwavuli. Nikamweleza habari ya seva na funguo kwa muda mrefu, akanisikiliza, akanifungia nyanya za mia tano, akaniuliza, "Kwa hiyo nikikuandikia sasa, akifungua yule, haoni?" Nikamwambia akifungua kwangu haoni, ila kwenye simu ya binti yako anaona, kwa hiyo ukishatuma, futa. Akasema atafikiria. Mpaka leo hajaandika, na simlaumu.

Mkikwama kwenye Sieve niandikieni hapo chini kwenye maoni, nitajibu nikipata bando. Mkinibandikia funguo zenu nizikague, bandikeni ule wa wazi tu, unaoanza na BEGIN PGP PUBLIC KEY BLOCK. Kuna mdau juzi kabandika wa siri. Nimeufuta baada ya dakika kumi, lakini kaka, tengeneza mwingine.